Saini ya Eduardo

Katika filamu ya The Social Network kuna tukio fupi ambalo watazamaji wengi hulipita bila kulistukia. Eduardo Saverin, kijana wa suti nyeusi aliyetoa pesa za kwanza za kuanzishia Facebook, amesafiri hadi California. Anakaribishwa katika ofisi ya mawakili, anawekewa karatasi mezani, anapewa kalamu. Hapigwi wala hatishwi. Watu wote wanamchekea. Anasaini, anapongezwa, anarudi zake. Baadaye, akiwa chini ya kiapo, anaulizwa kwa nini hakumpa wakili wake azisome zile karatasi kwanza. Jibu lake ndilo sentensi chungu kuliko zote katika filamu nzima: alidhani wale walikuwa mawakili wake.

Nimeitazama filamu hii mara sita au saba tangu ilipotoka Oktoba 2010, na kila mara huishia kwenye meza ile ile. Watu huizungumzia kama filamu ya kompyuta, ya kijana mwenye akili nyingi na adabu chache, ya vijana wa Harvard waliogeuka mabilionea kabla ya ndevu kukomaa. Hayo yote yamo. Lakini ukiikazia macho utaona kwamba kompyuta haifanyi lolote la maana baada ya nusu saa ya kwanza. Kinachoamua nani awe nani ni karatasi. Hii ni filamu ya saini: nani alisaini nini, lini, mbele ya wakili wa nani.

Kwa wasioijua, ni kazi ya mwongozaji David Fincher na mwandishi Aaron Sorkin, iliyotokana na kitabu cha Ben Mezrich kiitwacho The Accidental Billionaires, cha mwaka 2009. Jesse Eisenberg ndiye Mark Zuckerberg, Andrew Garfield ndiye Saverin, na Justin Timberlake, mwanamuziki tuliyezoea kumwona akicheza jukwaani, ndiye Sean Parker, yule aliyeshiriki kuanzisha Napster mwaka 1999 na kuzitia kiwewe kampuni za muziki. Iligharimu takriban dola milioni 40 na kuingiza zaidi ya milioni 220. Katika Tuzo za Oscar ilitajwa mara nane, ikaondoka na tatu: uandishi, uhariri na muziki. Tuzo ya filamu bora ilikwenda kwa The King's Speech, hadithi ya mfalme wa Uingereza mwenye kigugumizi. Uamuzi huo wa mwaka 2011 bado unanikera. Filamu ya mfalme ilikuwa nzuri ya kutazama ukiwa na mama mkwe; hii nyingine ilikuwa inaeleza dunia tutakayoishi.

Sorkin alikuwa na tatizo gumu. Hadithi yenyewe haina kitu cha kuonyesha. Vijana wamekaa mbele ya skrini, wanabonyeza vitufe, wanakula vitafunwa, wanalala saa kumi na moja alfajiri. Utalifanyaje hilo liwe sinema? Akapata dawa katika hatua moja ya sheria ya Marekani ambayo sisi tuliorithi taratibu za mahakama za Kiingereza hatuijui vizuri. Kule, kabla kesi ya madai haijafika kwa hakimu, mawakili wa kila upande huruhusiwa kumketisha mtu wa upande wa pili katika chumba cha kawaida, kumwapisha, na kumhoji kwa saa nyingi huku kila neno likiandikwa. Hakuna hakimu wala joho. Kuna meza ndefu, majagi ya maji, na watu waliokuwa marafiki wanaotazamana uso kwa uso.

Filamu ina vyumba viwili vya namna hiyo. Katika kimoja Zuckerberg anadaiwa na Saverin. Katika kingine anadaiwa na mapacha Cameron na Tyler Winklevoss pamoja na mwenzao Divya Narendra, wanaosema aliwaibia wazo. Simulizi yote inatoka humo, kila mtu akieleza kwa upande wake, na kamera inaturudisha nyuma kuona kilichosemwa. Kwa hiyo hatuoni kilichotokea. Tunaona kilichoapiwa. Watu wanaoilaumu filamu kwa kupotosha historia mara nyingi husahau hilo: haijawahi kudai kuwa kumbukumbu, ni ushahidi wa mashahidi wenye maslahi.

Na shahidi mkuu ana jina. Mezrich alipokuwa akiandika kitabu chake, Zuckerberg alikataa kuzungumza naye. Saverin alizungumza, mpaka alipopatana na kampuni na kufunga mdomo. Basi aliyesimulia ndiye aliyeumia. Ndiyo maana Eduardo wa filamu anang'aa hivyo, macho yamejaa machozi karibu muda wote, Garfield akimchezea kwa upole wa kaka mkubwa. Lakini Sorkin si mjinga, akaacha nyufa. Kiangazi cha 2004 wenzake walipohamia Palo Alto na kufanya kazi usiku na mchana, Eduardo alibaki New York akitafuta matangazo. Alipoona Parker ameingia nyumbani na kuanza kuongea kama mwenye mji, aliifunga akaunti ya benki ya kampuni. Hebu fikiria: kampuni bado changa, watumiaji wanaongezeka kila siku, kompyuta za kuhifadhia data zinahitaji kulipiwa, na mweka hazina amekasirika akafunga kasha. Ukisimama upande wa Mark kwa dakika tano tu, hilo nalo ni usaliti.

Sasa tuingie kwenye karatasi yenyewe, maana ndiko watazamaji wengi wanakopotea.

Tuseme wawili mmenunua mashine ya kusaga na kugawana umiliki katika hisa 100. Mwenzako ana 70, wewe 30. Mambo yanakwenda vizuri, kampuni inahitaji mtaji, bodi inaamua kutoa hisa mpya 900 na kuwapa watu wengine. Hakuna aliyegusa hisa zako 30. Unazo zote kabatini, na cheti chake safi. Ila sasa ni 30 kati ya 1,000. Jana ulimiliki karibu theluthi ya mashine, leo unamiliki asilimia 3, na hakuna mtu aliyeingia nyumbani kwako usiku.

Jambo hilo lenyewe si wizi. Mwekezaji akileta pesa za kweli, kila mwanzilishi hupungua, na kipande chembamba cha sahani kubwa kinaweza kushibisha kuliko kipande kinene cha sahani ya chai. Ubaya unaanza pale hisa mpya zinapogawiwa wenzako wote, ukarukwa wewe peke yako. Mwenye wakili mzuri hujikinga mapema: anadai kiandikwe kifungu kwamba hisa mpya zisitolewe kabla yeye hajapewa nafasi ya kununua sehemu yake. Ni kifungu cha mistari michache tu. Eduardo hakuwa nacho.

Filamu inasema alishuka kutoka asilimia 34.4 hadi 0.03. Takwimu ya pili imetiwa chumvi kwa ajili ya kishindo. Nyaraka zilizotokea hadharani baadaye zinaeleza kitu cha taratibu zaidi, na kwa maoni yangu cha kutisha zaidi. Julai 2004 kampuni mpya ilisajiliwa jimbo la Delaware ili kuchukua nafasi ya ile ya awali ya Florida, ambayo Saverin alishiriki kuisajili. Mwekezaji Peter Thiel akaleta dola 500,000 na kupata takriban asilimia 10. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo Saverin akasaini mkataba wa wanahisa: akapewa hisa milioni 3 za kampuni mpya, akaikabidhi kampuni haki zote za ubunifu wa ile ya zamani, na kura za hisa zake akamwachia Zuckerberg. Januari 2005 kampuni ikatoa hisa mpya milioni 9 hivi, nyingi wakapewa Zuckerberg, mwanzilishi mwenzao Dustin Moskovitz na Parker. Saverin akaporomoka chini ya asilimia 10.

Rudia kusoma hapo penye kura. Kupungua kwa hisa ndiko kulikopata sifa, kwa sababu ni hesabu na hesabu huonekana. Kura hazionekani. Mtu aliyesaini kuzitoa kura zake hakuwa tena na mdomo wa kupinga lolote litakaloamuliwa Januari. Hisa zilikuwa mwili, kura zilikuwa roho, na roho ilitoka Oktoba.

Hapo ndipo filamu, kwa ustadi wake wote, inaponipoteza kidogo. Inatafuta chanzo cha yote haya mahali pasipo penyewe. Inaanza katika baa, msichana aitwaye Erica Albright akimwacha Mark kwa maneno makali, na inamalizika miaka kadhaa baadaye Mark akiwa peke yake, amemtumia Erica ombi la urafiki, anabonyeza kila sekunde kuona kama amejibiwa. Mwanzo na mwisho vimefungwa kwa uzi mmoja: kijana alikataliwa, akajenga dunia ya marafiki ili asikataliwe tena. Ni uzi mzuri. Ni wa kutunga. Kweli Zuckerberg aliandika mtandaoni maneno ya kumtukana msichana mmoja usiku ule wa Oktoba 2003 alipounda Facemash, ule mtambo wa kulinganisha sura za wanafunzi uliomletea adhabu chuoni. Lakini Erica na kisa cha baa ni vya mwandishi. Na katika siku zile zile alipokuwa akisubiri kuadhibiwa, Zuckerberg alikutana na Priscilla Chan, ambaye alimwoa Mei 2012, siku moja baada ya kampuni kuingia soko la hisa. Katika filamu Priscilla hayumo hata kwa kivuli.

Naelewa kwa nini Sorkin alimwondoa. Mwenye mchumba hawezi kuwa mpweke wa kutosha. Lakini kwa kumwondoa alitupa faraja tusiyoistahili. Alituambia kwamba tamaa kubwa hutoka kwenye jeraha, kwamba ukimchunguza vizuri mtu anayekula wenzake utamkuta mtoto aliyelia. Tunapenda sana hadithi ya namna hiyo, kwa sababu inatufanya tumhurumie mwenye nguvu bila kumdai chochote.

Maisha ya kweli ya mtu huyu hayaelekezi huko. Akiwa bado sekondari, yeye na rafiki yake Adam D'Angelo waliunda programu ya muziki iitwayo Synapse, makampuni makubwa yakaitaka, hawakuuza. Mwaka 2006 Yahoo ilikuja na dola bilioni moja mkononi. Alikuwa na miaka 22. Akakataa. Mtu anayekataa bilioni moja akiwa na umri huo hatafuti pesa, na sidhani kama anatafuta msichana wa baa. Anataka usukani. Na ukitaka kujua alijifunza nini kutokana na sakata la Saverin, usiangalie filamu, angalia muundo wa hisa za kampuni yake leo: zimegawanywa madaraja mawili, la wananchi wa kawaida lenye kura moja kwa hisa, na la pili lenye kura kumi kwa hisa, na kwa hilo la pili Zuckerberg anashika kura nyingi kuliko wanahisa wengine wote wakijumlishwa. Kwa maneno mengine, alihakikisha kwamba hakuna mtu atakayemfanyia yeye alichomfanyia Eduardo. Laiti Sorkin angetuonyesha mtu huyo, mtulivu, asiye na jeraha, anayesoma mikataba! Labda tiketi zisingeuzwa.

Nisemapo inanipoteza, simaanishi kwamba naichoka. Ufundi wake ni wa kuhusudiwa. Tukio lile la baa, Eisenberg na Rooney Mara, anayemwigiza Erica, wakiwa mezani, ni mazungumzo tu ya dakika tano hivi, lakini Fincher alilirudia mara 99. Siyo ukatili wa bure. Mwigizaji akirudia mara 20 anachoka kuigiza, akifika 60 anaanza kuongea. Matokeo yake ni watu wanaosema haraka kuliko wanavyofikiri, na Mark anayejibu swali la dakika mbili zilizopita wakati mwenzake yuko kwenye la sasa. Sorkin amesimulia jinsi mswada wake wa kurasa zaidi ya 160 ulivyowatia hofu wenye studio, kwa sababu kwa kawaida ukurasa mmoja huhesabiwa dakika moja, na jinsi Fincher alivyomketisha ausome kwa sauti, saa mkononi, kwa kasi ile aliyoikusudia. Filamu ikatoka dakika 120 kamili. Mara nyingi huwaza jinsi ambavyo ingewatesa watafsiri wetu wa vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video mitaani. Filamu za ngumi zinakuacha upumue, unaweza kutia utani wakati jamaa anaruka ukuta. Hapa hakuna ukuta. Hata DJ Afro wa Kenya, bingwa wa kazi hiyo, angeomba maji.

Baada ya baa, Mark anatembea usiku kurudi bwenini, na ndipo muziki wa Trent Reznor na Atticus Ross unaposikika kwa mara ya kwanza: noti chache za piano, polepole kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, na chini yake mngurumo kama wa nyuki ndani ya ukuta. Kijana anatembea tu. Lakini masikio yako tayari yanajua kwamba kuna kitu kinaunguruma. Harvard ilikataa kupigwa picha, kwa hiyo sehemu kubwa ya chuo unayoiona ni Johns Hopkins, Baltimore. Rangi ni kahawia na manjano iliyofifia, kama nyumba ya watu wenye hela za zamani wanaobania umeme. Na uhariri wa usiku wa Facemash, ambapo Mark anaandika programu huku basi likiwaleta wasichana kwenye sherehe ya klabu ya wateule, unasema bila neno lolote kile ambacho kisa cha Erica kinasema kwa maneno mengi mno.

Kuhusu mapacha nitakwenda mbio, maana filamu nayo huwatumia zaidi kwa kicheko. Mwigizaji ni mmoja, Armie Hammer. Mwili wa pacha wa pili ni wa Josh Pence, uso umebandikwa kwa kompyuta. Ni warefu, matajiri, wapiga makasia waliofika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na kumaliza wa sita. Walimpa Zuckerberg kazi ya kuwaandikia programu ya mtandao wao, akawazungusha kwa wiki kadhaa, kisha Februari 4, 2004 akafungua wa kwake. Je, wazo ni mali? Filamu inaegemea upande wa Mark, nami pia, lakini kwa sharti: kutotaka kufanya kazi ya mtu ni haki yako, kumwacha asubiri huku ukishindana naye ni jambo jingine. Mwaka 2008 walilipwa fidia iliyothaminiwa dola milioni 65, sehemu taslimu na sehemu hisa. Baadaye wakataka kuuvunja muafaka huo, wakidai walidanganywa kuhusu thamani ya hisa. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa huko San Francisco ikawakatalia. Na muafaka wenyewe ulikuwa nini? Karatasi iliyoandikwa kwa mkono, ukurasa mmoja na theluthi. Watoto wa tajiri, wenye kundi la mawakili, waliobobea katika vyuo bora, nao pia walikuja kujutia saini. Mahakama haikuwaonea huruma, na haikupaswa.

Kisa cha wazo lililochukuliwa hakihitaji Harvard. Kila msomaji aliyewahi kuishiwa salio akatuma ujumbe wa "tafadhali nipigie" ameshika mkononi tunda la mgogoro kama huu. Nkosana Makate alikuwa mhasibu mwanafunzi katika kampuni ya Vodacom, Afrika Kusini, mwaka 2000, mchumba wake yuko mbali na hana salio. Akapeleka wazo kwa wakubwa. Aliahidiwa kwa mdomo kwamba huduma ikifaulu watakaa wazungumze malipo. Ikafaulu kupita kiasi. Mkuu wa kampuni, Alan Knott-Craig, akaja kuandika katika kitabu cha maisha yake kwamba wazo lilikuwa la kwake. Makate alihangaika mahakamani kwa miaka mingi mpaka Aprili 2016, Mahakama ya Katiba ilipoamua kwamba ahadi ile ya mdomo inaifunga kampuni. Eduardo aliumizwa na karatasi aliyosaini. Makate nusura aangamizwe na karatasi isiyokuwepo. Nani angetengeneza filamu ya Makate? Ningeilipia tiketi leo.

Filamu ya Fincher ina upofu mmoja ambao mwaka 2010 hakuna aliyeuona, nami sikuuona. Kila aliyedhulumiwa ndani yake ana uwezo wa kushtaki. Usaliti unahesabiwa kati ya watu walio mezani tu. Wanawake wanapita kama mapambo ya sherehe, isipokuwa Erica na yule wakili kijana anayeketi na Mark mwishoni na kumshauri alipe yaishe, kwa sababu baraza la mahakama halitampenda. Nje ya meza hiyo hakuna mtu.

Leo tunawajua walio nje, na baadhi yao wako Nairobi. Kuanzia mwaka 2019, kampuni iitwayo Sama iliajiri huko vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika kuchuja machapisho ya Facebook: kutazama mauaji, ubakaji, watoto wakiteswa, kutwa nzima, ili mimi na wewe tusiyaone. Februari 2022 jarida la Time lilifichua hali zao, pamoja na ujira uliofika chini hadi dola 1.50 kwa saa. Miezi michache baadaye Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hiyo, akafungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta, jina jipya la kampuni ya Zuckerberg. Utetezi wa Meta ungemfurahisha Sorkin: sisi hatukumwajiri, hatumo katika mkataba wake, na hatujasajiliwa Kenya. Yaani saini yetu iko wapi? Februari 2023 mahakama ya kazi ilikataa hoja hiyo na kusema Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono. Angalau mara hii, ukosefu wa saini haukumwokoa mwenye nguvu.

Sorkin mwenyewe ameona kwamba kuna deni. Studio ya Sony imetangaza filamu yake mpya, The Social Reckoning, ya kutoka Oktoba 2026, safari hii akiiandika na kuiongoza mwenyewe, Jeremy Strong akiwa Zuckerberg, na kisa kikihusu Frances Haugen, mfanyakazi aliyetoa nyaraka za siri za kampuni mwaka 2021. Karatasi tena. Nitakwenda kuitazama, ingawa namwogopa Sorkin asipokuwa na Fincher wa kumshika mkono. Akiachwa peke yake huanza kuhutubu.

Saverin naye hakubaki na 0.03. Alishtaki, wakapatana, jina lake likarudishwa katika orodha ya waanzilishi, na kampuni ilipoingia soko la hisa Mei 18, 2012 kwa dola 38 kwa hisa, akawa bilionea akiwa Singapore, baada ya kuukana uraia wa Marekani. Kwa hiyo msimwonee huruma kupita kiasi. Lakini mkiitazama tena filamu, msimkodolee Mark macho. Mtazameni Eduardo anapokabidhiwa kalamu. Katika maisha ya kweli, siku aliposaini mkataba ule wa Oktoba alikuwa na umri wa miaka 22, mwanafunzi wa uchumi, na alikuwa amewahi kuwa rais wa chama cha uwekezaji cha Harvard.